Haki ya Moto

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatolea wanadamu moto katika mti mbichi. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu Waislamu, mas-ala ninayotaka kuyaeleza katika kurasa hizi hayakunijia kutoka kitabuni. Yalinijia kutoka dukani. Mimi ni mtu wa biashara ndogo. Mchana nauza mkaa na mafuta ya taa, na baina ya Magharibi na Isha nasoma na vijana wachache hadithi za Bwana Mtume (S.A.W.). Usiku mmoja tulifika katika ile hadithi waliyoipokea Abu Daud na Ibn Majah, ambayo maana yake ni kuwa Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Kijana mmoja, mpole wa tabia, akaniuliza kwa adabu: "Maalim, ikiwa moto ni wa shirika, wewe wauzaje mkaa?"

Wenziwe wakamtazama kwa kumlaumu. Mimi sikumlaumu, bali nilimjibu upesi. Nikamwambia: imepokewa na Bukhari ya kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) amelisifu jambo la mtu kuchukua kamba yake, akaenda akakata kuni, akaziuza, kuliko kuwanyoshea watu mkono. Basi kuni alizozikata mtu kwa jasho lake ni mali yake, na kuziuza ni halali. Kijana akasema, "Nimefahamu, Maalim," akanyamaza, na darsa ikaendelea.

Lakini mimi nilirudi nyumbani nikiona ya kuwa jawabu langu, ijapokuwa ni sahihi, lilikuwa jepesi mno. Nalijua jambo asilolijua yeye, nalo ni kopo langu. Mwenye uwezo hununua mkaa kwa gunia. Aliye chini yake hununua kwa debe. Na asiye na kitu hununua kwa kopo, la kupikia chakula cha siku moja. Na ukizijumlisha fedha za makopo mpaka gunia likaisha, utaona zimepita mbali bei ya gunia. Basi fakiri hulipa zaidi kuliko tajiri kwa moto ule ule. Na kwa kuwa wanunuzi wangu wengi ni wa kopo, faida yangu iliyo kubwa yatoka katika mikono iliyo mitupu. Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza: je, hili nalo limo katika hadithi ya kamba?

Haya ndiyo niliyoyaona baada ya kufikiri, kusoma na kuuliza. Nayaweka mbele yenu ili mwenye ilimu zaidi anisahihishe.

Dasturi ya wazee wetu

Wazee wa pwani watakumbuka. Mama alipoamka alfajiri akakuta majivu ya jikoni yamepoa, alimtuma mtoto kwa jirani na kigae au kifuu cha nazi: "Nenda kwa bibi, mwambie mama aomba moto." Bibi yule hakuuliza mwatakani na moto, wala jana mlipika nini. Alitoa kaa moja lililowiva, akalilaza juu ya majivu ndani ya kifuu, na mtoto akarudi mbio akilipuliza. Sikupata kusikia mtu aliyeliuza kaa hilo, wala aliyeliandika katika deni. Hata majirani waliogombana kwa ajili ya mpaka wa uwanja, wasiosemezana miezi mingi, hawakunyimana moto; kwani kunyimana moto kulihesabiwa kuwa ni kukatana kabisa, jambo la mtu asiyetarajia kuzikwa na wenziwe.

Wazee hao wengi wao hawakusoma vitabu vikubwa, lakini dasturi yao ilikuwa imesimama juu ya msingi wa dini. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maun amewatisha wanaozuia vitu vidogo vya kusaidiana, na wafasiri wamevitaja kuwa ni kama chungu, shoka na ndoo, na miongoni mwao wako waliotaja pia maji, chumvi na moto. Na katika Suratul Waqia Mwenyezi Mungu anatuuliza juu ya moto tunaouwasha: ni nani aliyeuumba mti wake? Kisha anatueleza kuwa ameufanya kuwa ni ukumbusho na manufaa kwa wenye haja. Ziko pia riwaya kwa Ibn Majah, ambazo wanazuoni wamezidhoofisha isnadi yake, zenye kumpa mtoa moto thawabu kubwa kama kwamba amekitoa sadaka chakula chote kilichopikwa kwa moto huo. Mimi sijengi hukumu juu ya riwaya dhaifu. Nazitaja tu ili ijulikane ya kuwa jambo hili si geni katika umma huu.

Ni nini kilichoshirikiwa?

Wanazuoni walipoieleza hadithi ya vitu vitatu walitafautisha. Walisema: ambaye ameuwasha moto hana ruhusa ya kumzuia mtu kuota joto lake, au kuona kwa mwangaza wake, au kuwasha taa yake kutoka humo, kwani hayo hayampunguzii kitu. Ama kuni zenyewe alizozikusanya, hizo ni zake, na akitaka atatoa na akitaka atauza. Hivi ndivyo hadithi mbili zinavyokutana bila ya kugombana.

Na tafauti hii ni ya haki. Lakini tuangalie vizuri. Zama zile mtu aliyekosa fedha alikuwa na pori. Alikwenda na kamba yake akarudi na mzigo wake. Jasho lake lilikuwa ndiyo fedha yake. Basi mwenye kuuza kuni hakuweza kumdhulumu sana, maana mnunuzi alikuwa na njia ya pili. Leo mtu wa mjini hana pori. Aliye juu ya ghorofa ya nne hawezi kukata kuni wala kuomba kaa kwa kifuu. Moto wake wamjia kwa mtungi, au kwa waya, au kwa bomba, na kila kimoja katika hivyo kina mlango, na mlango una mwenye ufunguo. Basi mwenye ufunguo akisema, "Hii ni mali yangu kama mzigo wa kuni," huwa amesema neno la kweli, lakini si neno lote. Kwani yule mkata kuni hakuwa na ufunguo wa pori.

Kwa hivyo naona ya kuwa sehemu ya shirika katika moto si kijinga chenyewe, wala si kuni. Sehemu ya shirika ni haki ya mtu asitengwe na moto. Mwenye kazi na alipwe ujira wa kazi yake, na mwenye gharama na arudishiwe gharama yake. Lakini dhiki ya mnunuzi, yaani kule kujua kwamba hana pa kwenda na ya kuwa usiku hauwezi kupita bila ya moto, hiyo si bidhaa wala haina mwenyewe. Jasho lina ujira; dhiki haina ujira. Mwenye kuitoza dhiki ya mwenziwe ameuza kitu ambacho si chake.

Khabari za nchi za baridi

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika nchi za baridi. Sisi watu wa pwani tukikosa moto hukosa chakula kilichopikwa. Wao wakikosa moto hukosa chakula, na usingizi, na afya, na aliye mzee au mtoto mchanga pengine hukosa roho.

Nchini Uingereza, mwaka 1991, bibi mmoja mwanachuoni, Brenda Boardman, alitoa kitabu juu ya umaskini wa moto. Alieleza ya kuwa nyumba iliyoingia katika umaskini huo ni ile ambayo, ili ipate joto la kutosha, hulazimika kutoa zaidi ya sehemu 1 katika 10 ya pato lake. Na faida kubwa ya kazi yake ni kuonyesha kuwa umaskini huu una mizizi mitatu: pato dogo, bei kubwa, na nyumba mbovu inayovuja joto kama ndoo iliyotoboka. Tajiri hununua moto kidogo, kwani nyumba yake hulihifadhi joto. Fakiri hununua moto mwingi na baridi haimtoki. Yaani ni lile kopo langu, ila limejengwa kwa matofali.

Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya gesi ilipanda sana Ulaya nzima. Huko Uingereza bili ya mwaka kwa nyumba ya kawaida, ambayo kikomo chake mwezi wa Oktoba 2021 kilikuwa pauni 1,277, ingalifika pauni 3,549 mwezi wa Oktoba 2022, lau serikali isingaliingia kati ikaizuia kwa pauni 2,500. Kipupwe kile misikiti, makanisa na maktaba zilifungua milango ili watu waje waote joto. Kijana wa jamaa zangu anayeishi huko aliniandikia ya kuwa jirani yake, mtu wa kazi na mwenye heshima zake, alikuwa akiwakalisha watoto wake maktaba mpaka ifungwe, kisha huwalaza mapema na makoti yao, kwa kuiogopa mita.

Na mita hiyo ni ile ya tokeni kama tuijuavyo sisi. Mwenye kushindwa na bili hubadilishiwa mita akawa ni mtu wa kulipa kabla. Na kwa miaka mingi aliyelipa kabla alitozwa zaidi ya aliyelipa baadaye. Zilikuwako nyumba zilizoingiwa kwa hati ya mahakama, wenyewe wasitake, ili watiwe mita hizo, mpaka mwezi wa Februari 2023 Ofgem, ambao ndio wasimamizi wa biashara ya nishati katika nchi ile, wakawataka wauzaji waisimamishe kazi hiyo. Fikirini, ndugu zangu, ubaya uliomo humu. Zamani mwenye kumkatia mtu moto alikuja mlangoni, majirani wakamwona, na yeye mwenyewe akaona haya. Mwenye mita ya tokeni hujikatia mwenyewe, usiku, bila ya shahidi, na kampuni husema, "Sisi hatukumkatia mtu." Dhulma isiyo na mtendaji ni dhulma iliyo nzito zaidi kuondolewa, kwa kuwa hapana wa kumwendea.

Sayyidna Umar na sufuria

Nani, basi, mwenye jukumu? Katika jambo hili tuna kiigizo ambacho kila mtoto wa chuoni amekisikia, lakini hatukizingatii.

Aslam, aliyekuwa mtumwa wa Sayyidna Umar akaachwa huru, amesimulia ya kuwa alitoka naye usiku nje ya Madina, wakaona moto kwa mbali. Umar akasema huenda wakawa ni wasafiri waliozuiliwa na usiku na baridi. Walipofika walimkuta mwanamke na watoto wake wanalia kwa njaa, na sufuria i juu ya moto, ndani yake hamna ila maji, anawapumbaza kwayo mpaka walale. Naye, asijue asema na nani, akamlaumu Umar kwa kuyatawala mambo ya watu kisha akaghafilika nao. Umar akarudi mbio mpaka ghala, akatoa unga na mafuta, akakataa Aslam asimbebee, kwa kuwa Siku ya Kiyama hatambebea mzigo wake. Kisha akapiga magoti mbele ya mafiga akawa anaupuliza moto, na moshi unapita katika ndevu zake, mpaka chakula kikawiva.

Wengi wetu huisikia hadithi hii tukakumbuka unga. Mimi nawaomba mkumbuke moshi. Amiri wa Waumini, ambaye majeshi yake yaliwashinda Waajemi na Warumi, aliona kuwa kupuliza moto wa jiko la mwanamke asiyemjua ni kazi ya serikali. Hakumwambia mwanamke, "Subira ni ufunguo wa faraja," ijapokuwa neno hilo ni kweli. Wala hakuwaambia majirani zake wamchangie, ijapokuwa ni wajibu wao. Aliona ya kuwa mzigo ule ni wake yeye mwenye kushika ghala.

Pingamizi mbili

Akisema mwenye kusema: "Bwana Mtume (S.A.W.) alipoombwa apange bei wakati vitu vilipokuwa ghali alikataa, akasema kuwa Mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu, naye hakutaka kukutana na Mola wake hali ya kuwa yuko mtu wa kumdai dhulma. Basi vipi wewe wataka serikali iingie katika bei ya moto?"

Tutamjibu: hadithi hiyo ni sahihi, na ni kinga kubwa ya wafanya biashara dhidi ya watawala wenye pupa. Lakini Ibn Taymiyya, katika maneno yake juu ya hisba, ameeleza kuwa makatazo hayo ni pale watu wanapouza kwa njia iliyo ya kawaida, na bei ikapanda kwa uchache wa vitu au wingi wa watu. Ama wenye kukishika kitu ambacho watu wamelazimika nacho, wakakataa kukiuza ila kwa bei ya kuwaumiza, hao hulazimishwa kuuza kwa thamani ya mfano wake. Na huko si kuwadhulumu, bali ni kuwazuia wasidhulumu. Na ni kitu gani kilichoshikwa zaidi kuliko bomba moja liingialo katika nyumba, ambalo mwenye nyumba hawezi kulichagulia mwenziwe?

Na wako walioifuata njia hii, na si katika nchi za Kiislamu. Denmark, kabla ya mwaka 1973, ilitegemea mafuta ya kigeni karibu katika kila jambo, na mafuta yalipopanda bei ikapata taabu kubwa. Mwaka 1979 wakatunga sheria ya kugawa joto. Katika miji yao maji hutiwa moto mahali pamoja, mara nyingi kwa joto la mitambo ya umeme ambalo lingalipotea bure, au kwa kuchoma taka, kisha hupelekwa majumbani kwa mabomba chini ya ardhi. Kazi ya namna hii ilianza kwao mwaka 1903 katika mji wa Frederiksberg, na leo kiasi cha nyumba 2 katika kila 3 za nchi ile hupata joto kwa njia hiyo. Lakini mabomba siyo yaliyonistaajabisha. Kilichonistaajabisha ni sharti. Mwenye kuuza joto hilo haruhusiwi kutoza ila gharama za lazima za kulitengeneza na kulifikisha. Na mengi katika mashirika hayo ni mali ya miji au ya watumiaji wenyewe. Watu wa kazi hulipwa mishahara yao, deni la mabomba hulipwa, na dhiki ya mnunuzi haitozwi kitu. Sioni tafauti baina ya jambo hili na yale waliyoyasema wanazuoni wetu juu ya hadithi ya moto, ila kwamba wao wamelitia katika sheria, na sisi tumeliacha katika vitabu.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo husema: "Kitu kilicho rahisi sana huharibika. Mkiufanya moto kuwa wa umma, hapana atakayeutunza." Haya pia yana ukweli, wala haifai kuyaficha. Kazakhstan ni nchi ya ndugu zetu Waislamu, na baridi yake ni kali kuliko ya Uingereza. Miji yao ilirithi tangu zama za Kisovieti mitambo mikubwa ya joto na mabomba ya kwenda majumbani, na bei iliwekwa chini kwa miaka mingi, na mabomba yakazeeka. Tarehe 27 Novemba 2022, katika mji wa Ekibastuz, mtambo ukaharibika wakati baridi ikikaribia nyuzi 30 chini ya sifuri, na maelfu ya nyumba zikakosa joto kwa siku nyingi. Hali ya hatari ikatangazwa, na gavana wa mkoa akaondolewa kazini. Na mtambo ule haukuwa wa serikali. Ulikuwa wa kampuni ya watu binafsi. Basi funzo lake si kuwa umma hauwezi na mfanya biashara aweza, wala si kinyume chake. Funzo ni kuwa bei ndogo isiyotoa fungu la kutengeneza bomba si rehema. Ni deni lililoandikwa juu ya watoto wetu. Mutawalli wa wakfu ajua jambo hili: hutengeneza kwanza nyumba ya wakfu, kisha hugawa kodi yake. Asiyefanya hivyo amekula asili ya wakfu, hata akiwagawia mafakiri.

Na kwetu je?

Haya tusiyasome kama khabari za watu wa mbali. Shirika la Afya la Ulimwengu limehesabu kuwa moshi wa majikoni uliua watu wapatao milioni 3.2 katika mwaka 2020, wakiwamo watoto wadogo zaidi ya 237,000. Na watu wanaopika kwa kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa ni wapatao bilioni 2.1. Wengi katika hao ni wanawake, ambao sisi waume twala walichokipika kisha tukalalamika kuwa nguo zao zanuka moshi.

Na serikali zetu nazo zimekuwa zikienda mbele na kurudi nyuma. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu wako waliokuwa wakiyachanganya na dizeli ili wapate faida ya haramu. Azma ilikuwa kumzuia mwizi. Aliyelipa ni mwanamke mwenye jiko la utambi. Mimi niliyauza mafuta hayo, nikaona nyuso za wanunuzi. Mwaka 2021 nchi hiyo hiyo ikaitoza gesi ya kupikia kodi ya asilimia 16, na mwaka 2023 ikaiondoa. Tanzania mwaka 2024 ilizindua mpango wa miaka kumi wenye shabaha ya kuwa ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Ni shabaha njema, na wajibu wetu ni kuisaidia na kuiulizia. Lakini tusisahau ya kuwa mtungi wa gesi hujazwa kwa fedha za mkupuo mmoja, na maisha ya fakiri ni ya kopo. Moto safi usiouzwa kwa kipimo cha mfuko wake utabaki kuwa moto wa wenye gunia.

Basi wajibu, kama nionavyo, umegawanyika mara tatu. Serikali ina wajibu wa Umar: isimtoze mnyonge kwa kosa la mwizi, iwazuie wenye mabomba na nyaya wasiitoze dhiki, na isikate moto wa mgonjwa, mzee na mwenye mtoto mchanga kabla ya kuuliza. Jamaa zetu wana wajibu wa kifuu: misikiti yetu ina fedha za wakfu, nasi tumezoea kuzitia katika mazulia na mataa, kuna kizuizi gani tusinunue mitungi na majiko, tukawapa mafakiri kwa kulipa kidogo kidogo bila ya ziada? Katika miji ya Morocco kila mtaa ulikuwa na tanuri lake karibu na msikiti na hamamu, na watu walipeleka mikate yao ikaokwa katika moto mmoja kwa malipo madogo. Wala jambo hilo halikuwapunguzia heshima ya dini yao.

Na wajibu wa tatu ni wa mtu kama mimi, mwenye kopo.

Nilikaa chini na karatasi nikapiga hesabu ya gunia moja. Niliandika bei niliyonunulia, na uchukuzi, na kodi ya duka, na mkaa unaovunjika ukawa vumbi, na ujira wangu wa kukaa kutwa nikipima kidogo kidogo. Kwani kupima makopo mengi ni kazi zaidi kuliko kumtwika mtu gunia, na kazi hiyo ina haki yake. Nilijihesabia yote, wala sikujipunja. Kisha nikatazama kilichobaki baada ya hayo, nikajaribu kukitafutia jina, nisikipatie jina jingine ila lile nililolitaja: dhiki ya mnunuzi. Sijasema kuwa ni haramu kwa hukumu ya mkato, kwani mimi si mufti. Nasema kuwa sikuweza tena kukila na huku nasomesha hadithi ya moto.

Nimelipandisha kopo mpaka likajaa kilele, na bei yake nimeifuatisha na ya gunia, nikiongeza ujira wa kupima peke yake. Faida yangu imepungua, na sitasema uwongo kuwa sikuhisi upungufu huo. Mwezi wa kwanza nilihisi sana. Wenzangu wawili wa soko wamenikasirikia, wakiniambia nawaharibia bei. Nimewajibu kuwa wao ni ndugu zangu, na hesabu yangu i wazi, waje waisome; na mmoja wao amekuja.

Ama yule kijana, darsa iliyofuata nilimwambia mbele ya wenziwe: "Jawabu langu la siku ile lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa ni jawabu la mwenye duka. Swali lako ulilielekeza kwa mwalimu." Akainamisha kichwa kwa haya. Nikamwambia asione haya, kwani aliyepaswa kuona haya ni mwingine. Tukaendelea na somo.

Enyi ndugu zangu, moto ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwetu, na kila mmoja wetu ameshika upande wake: huyu wizara, huyu bomba, huyu ghala, huyu kopo. Tutaulizwa juu yake katika siku ambayo kila mwanadamu ataomba akingwe na moto. Asiyemnyima mwenziwe joto lake duniani, twataraji Mola asimnyime kivuli chake huko akhera.

Wallahu aalam. Wabillahi taufiq.